Usiuze Intaneti Usiyokuwa Nayo: Ushauri kwa Mtoa Huduma Mdogo

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiendesha huduma ndogo ya intaneti maeneo ya Mtwapa na Kilifi, na swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaotaka kuanzisha yao ni namna ya kupata wateja. Huwa nawajibu kwamba wateja watakuja wenyewe, kwa kuwa mahitaji ya intaneti mitaani kwetu bado ni makubwa. Kinachowaangusha wengi ni kuwapokea wateja hao upesi kuliko mtandao unavyoweza kuwabeba.

Kabla ya mwaka 2009 biashara hii isingewezekana kwa watu wa kiwango chetu. Wakati huo Kenya ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, data ilichukua nusu sekunde au zaidi kwenda na kurudi, na gharama yake ilikuwa ya wenye uwezo. Mikongo ya TEAMS na SEACOM, yaani nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilipofika Mombasa mwaka huo, na EASSy mwaka uliofuata, bei ya jumla ilishuka, na hapo ndipo mtu mwenye mnara mmoja na antena chache alipoweza kununua kasi kwa jumla na kuiuza mtaani kwa rejareja.

Hesabu ya rejareja hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Ukiwa na nyumba 100, na kila moja imelipia Mbps 10 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi), hulazimiki kununua Mbps 1,000, kwa sababu wateja hawatumii wote kwa wakati mmoja. Lakini tuseme kati ya saa moja na saa nne usiku, watu wamesharudi kutoka kazini, televisheni zinawaka na watoto wako YouTube, wastani wa kila nyumba ukapanda hadi Mbps 2.5. Tayari zinahitajika 250, na aliyenunua 200 amekwama, ingawa akiupima mtandao wake mchana atauona hauna kasoro. Ndiyo maana nawasihi wenzangu waifungue grafu ya ruta kuu saa tatu usiku na kuitazama kwa makini. Mtandao wenye nafasi huchora mstari wa kupanda na kushuka. Uliojaa huchora mstari unaopanda jioni kisha ukalala tambarare, kama uliokatwa kwa kisu, mpaka watu walale. Mimi huagiza kasi zaidi mara tu kilele kinapofikia asilimia 70 ya nilichonunua kwa jioni kadhaa mfululizo, kwa sababu kati ya kuagiza na kuunganishwa huweza kupita wiki nzima au zaidi.

Ukienda kununua, usiulize bei pekee. Uliza kama muuzaji ameunganishwa na KIXP, kituo cha kubadilishana data kilichoko Nairobi, na kama anafikia seva za humu nchini zinazohifadhi nakala za video, maana sehemu kubwa ya matumizi ya usiku ni video, na inayotoka Nairobi haihitaji kuvuka bahari. Uliza pia njia ambayo data yake hupitia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Kenya, Tanzania na Uganda zote zikaathirika. TEAMS, inayokwenda Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, haipiti huko. Kuwa na wauzaji wawili wanaotegemea mkongo mmoja, au ambao faiba zao zimetundikwa kwenye nguzo zilezile hadi mlangoni kwako, ni kulipa ankara mbili kwa njia moja.

Kwa wanaojenga faiba ya mtaani, kipimo kinachosahaulika ni nguvu ya mwanga unaomfikia mteja. Hupimwa kwa dBm, na namba ikikaribia sifuri ndivyo mwanga ulivyo na nguvu zaidi. Fundi akiiacha nyumba inasoma dBm -27, itafanya kazi siku hiyo, ila mkunjo mdogo wa waya nyuma ya kabati utaizima. Sisi hatuondoki mpaka isome -25 au bora zaidi, na tunauandika usomaji huo kwenye rekodi ya mteja, ili siku akipiga simu tujue kilichobadilika. Kwa wanaotumia redio, yaani wanaomfikishia mteja intaneti kwa mawimbi kutoka antena hadi antena, pwani ina adui wake: chumvi ya hewani hula viungio na vyuma vinavyoshika antena, na mwembe uliokuwa chini ya njia ya mawimbi huchipua na kuiziba. Kagua kabla ya masika.

Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, kibali cha kaunti cha kupitisha nyaya na malipo ya nguzo viingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilipoingia Kenya Julai 2023, wengi walisema sisi wadogo tumekwisha. Novemba 2024 kampuni hiyo ilisitisha kwa muda usajili wa wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Ikiwa kampuni yenye maelfu ya setilaiti imelazimika kufunga usajili, mwenye mnara mmoja asione haya kufanya vivyo hivyo. Mteja mpya wa mtaa uliojaa mweleze wazi kwamba nafasi hakuna, andika jina na nambari yake ya simu, na siku kasi ikiongezwa mpigie yeye kabla ya kubandika tangazo lolote. Kwetu wengi wa walioandikwa hivyo walisubiri, na jirani zao waliokuwa wakilipa tayari hawakupunguziwa walichonunua.