Doa la chai kwenye kochi

Mwanangu Zuhura,

Unauliza doa la chai ya maziwa aliyomwaga Nasra kwenye kochi jipya ulitoe kwa nini, siki au ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mimi nakuuliza kwanza: umeshalisugua? Maana doa haliharibu kitambaa, mwanangu. Mkono ndio unaoharibu.

Unayakumbuka makochi yetu ya mahameli ya kijani, aliyoyalipia marehemu baba yako kidogo kidogo kwa fundi. Asubuhi ya Idd, Salimu alitangulia kurudi kutoka kuswali, akamwaga kikombe kizima. Nikachota maji yanayochemka, nikatia sabuni ya unga, nikashika brashi ya kufulia. Moto ule ukayagandisha maziwa ndani ya nyuzi, brashi ikayalaza manyoya ya mahameli, hayakusimama tena. Likabaki duara kama sahani, na kila taa ikiwashwa unaliona. Salimu nilikuwa nimeshamchapa, na kanzu yake mpya mwilini. Baba yako alipofika akatazama, akatandika kitambaa cha kufuma juu yake, akaomba chai. Hakusema neno. Mpaka leo ukimya ule unaniuma.

Najitetea kuwa wageni walikuwa njiani. Lakini wageni hawakunishikisha brashi. Na haraka yenyewe si mbaya, ni lazima uwahi kabla chai haijazama kwenye sponji. Uwahi kukausha, si kusugua.

Chukua kitambaa cheupe, cha rangi kitachuja. Gandamiza, inua, geuza upande mkavu, gandamiza tena. Kisha vikombe viwili vya maji ya baridi, kijiko kimoja cha siki, kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo. Lowesha kitambaa, usimwagie kochi, utoke ukingoni kuelekea katikati ili doa lisitanuke. Malizia kwa maji matupu, sabuni ikibaki itanasa vumbi. Washa feni, usilianike juani, rangi itapauka. Ile dawa ya kung'arisha usiiguse kabisa, itaondoka na doa na rangi.

Kochi lako ni la fundi, halina kile kikaratasi cha kiwandani chenye herufi, W kwa kitambaa kinachovumilia maji, S kwa kisichoyataka. Basi mwombe fundi kipande kilichobaki ujaribie hicho. Kama hana, jaribu nyuma, upande wa ukutani, usubiri kikauke kabisa. Nasema tena, mkono ndio unaoharibu.

Umeandika pia kwamba baba Nasra hataki tena watoto wanywe chai sebuleni. Hiyo ni nyumba yenu, siingilii. Ingawa mtoto wa miaka minne, kikombe kimejaa pomoni, nani alikijaza? Basi, nimenyamaza. Ila usimtume akanywe jikoni peke yake kabla hatujaongea.

Mama yako