Kioo kilisema au kioo alisema?

SWALI: Ninawasimulia watoto wa darasa la nne katuni ya zamani ya Snow-White, ile ya mwaka 1933 ambamo Snow-White ni Betty Boop, yule msichana wa katuni. Niliandika "kioo alimwambia malkia". Mwalimu mwenzangu akakata kwa kalamu nyekundu: ni "kioo kilimwambia". Mbona basi tunasema "kifaru alikimbia"? Kioo chenyewe kina uso na kinasema. Nani yuko sahihi?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwenzako, ingawa kalamu nyekundu kaikimbilia mapema.

Kifaru, kiboko, kipofu na kiziwi wana umbo la ki- lakini ni viumbe hai, na upatanisho wao hufuata uhai: kifaru mkubwa amelala. Kioo ni kitu. Kuchorewa mdomo hakukihamishi ngeli. Tazama methali: "Sikio la kufa halisikii dawa." Sikio hilo linakufa, tena linakataa dawa kama mgonjwa mkaidi, na bado ni li-. Jaribu "sikio wa kufa hasikii dawa" uone utamu unavyopotea. Kwa upande wa pili, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti": maiti pumzi imekwisha, lakini alikuwa mtu, basi lugha inamhesabu mtu.

Hiyo ndiyo sarufi. Mimi kinachonivuta zaidi ni kichekesho. Katuni hizi za ndugu Fleischer wa New York zinachekesha kwa sababu vitu hufanya kazi isiyo yao bila kuacha kuwa vitu. Ukiandika "malkia akakiuliza kioo, nacho kikamjibu", hiyo *nacho* peke yake inatosha kumchekesha mtoto: mtu mzima, tena malkia, anasubiri jibu la kitu cha ukutani. Ukiandika "akamuuliza kioo, naye akamjibu", tumebaki na mazungumzo ya watu wawili, na kioo kimetoweka machoni.

Ukitaka a-, ipo njia. Mpe jina na herufi kubwa, awe mhusika mwanzo hadi mwisho, au mtangulizie cheo: "Bwana Kioo alikasirika." Ila ukiingia huko, ingia mzima: Kioo huyu, Kioo aliyesema. "Kioo huyu kilichosema" ni mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Joka ni jambo jingine. Mwishoni malkia anageuka joka na kuwafukuza akina Betty, hadi mmoja wao anapolishika ulimi na kulivuta, likapinduka ndani nje kama soksi. Hapa acha li-, ijapokuwa joka ni kiumbe. Ukubwa na dharau vimo humo humo, kama katika "Zimwi likujualo halikuli likakwisha". Zimwi linakujua na linakula watu, lakini hakuna aliyelipa heshima ya a-.

Pagumu kweli ni kwa Koko, yule mchekeshaji wa sarakasi. Anageuzwa mzimu wa miguu mirefu, anaimba kwa sauti ya Cab Calloway, mwimbaji wa jazi wa Marekani, na katikati ya wimbo mara ni mnyororo wa saa wenye sarafu ya dhahabu, mara ni chupa. Je, tuseme "chupa ikaimba" au "akaimba"? Mimi ningeshika a- muda wote: "Koko akawa chupa, akaendelea kuimba." Sauti ni moja, na mwendo ule wa miguu una mwenyewe. Calloway alipigwa picha akicheza, kisha mwendo wake ukafuatishwa kwa kuchora juu ya picha, mbinu aliyoibuni Max Fleischer. Chini ya wino kuna mtu. (Sehemu kubwa ya katuni ilichorwa na Roland Crandall karibu peke yake. Nikiiangalia sishangai kwamba hakuna aliyemkataza chochote.)

Kuhusu mzimu wenyewe, utakuta "mzimu umetokea" na "mzimu ametokea" kwa waandishi wazuri. Kwa Koko, ambaye tunamjua kwa jina, ningechagua ametokea.

Na pale malkia anapokasirika, uso wake ukawa kikaango chenye mayai mawili mahali pa macho, andika hivyo hivyo tu. Uso ni u-, kikaango ni ki-, mayai ni ya-, wala hakuna wa kukukatia kwa kalamu nyekundu.