Betri ya kihisi hailiwi na AES, inaliwa na redio

Msomaji mmoja ana nodi (vifaa vidogo vyenye kihisi na redio) thelathini za kupima unyevu wa udongo, zote zikitumia ufunguo mmoja wa siri. Anataka kuachana na AES-128, njia ya kawaida ya kusimba (kuficha) data, atumie XOR ya kujitungia, yaani kuchanganya biti za data na biti za siri, eti betri zidumu. Usithubutu, ndugu yangu. Unabana senti wakati mfuko umetoboka upande mwingine.

Chukua CC2420, redio ya zamani iliyo kwenye nodi nyingi za maabara. Kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, baiti moja hukaa hewani maikrosekunde 32. Kwa miliampia 17.4 na volti 3, hiyo ni kama maikrojuli 1.7. Chipu hiyohiyo ina AES ndani yake, na bloku ya baiti 16 inaisimba kwa maikrosekunde 14. Bloku nzima imeshamalizika, baiti moja bado haijafika nusu ya safari! Kusikiliza ndiko kunakofilisi zaidi: miliampia 18.8, hata kama hakuna anayeongea. Kwa hiyo ilaze redio, na upunguze baiti.

Baiti za kupunguza zipo kwenye alama ya uhakiki, zile baiti za mwisho zinazothibitisha kwamba ujumbe haujaguswa. IEEE 802.15.4, kanuni ambayo redio hizi huifuata, inakupa 4, 8 au 16. Kumi na sita zinakula takribani maikrojuli 27 kila ujumbe, nane zinakula nusu yake. Kwa vipimo vya udongo weka 8. Kwa amri ya kufungua vali ya maji weka 16. Kuiondoa kabisa ni kosa, kwa sababu mtu anaweza kugeuza biti za ujumbe asioweza kuusoma, na kituo kikaupokea.

Panapoua mitandao mingi ni kwenye kaunta ya fremu, namba inayopanda kwa kila ujumbe. CCM, namna AES inavyotumika hapa kusimba na kuhakiki kwa pamoja, inadai namba isiyojirudia kwa ufunguo uleule, na namba hiyo inajengwa kwa anwani ya nodi na kaunta. Kaunta ikikaa kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, betri ikiyumba usiku nodi inajiwasha upya na kuanza sifuri. Sasa jumbe mbili zimesimbwa kwa mkondo mmoja wa biti za siri: adui akizifanyia XOR, mkondo huo unajifuta, zinabaki data mbili zilizochanganywa. Akikisia moja, ya pili ameipata.

Dawa si kuandika kaunta kwenye EEPROM (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) kila ujumbe, maana EEPROM ya AVR, chipu ya kuendesha nodi, imedhaminiwa maandiko 100,000 tu. Andika mbele: hifadhi 1024, tumia 0 hadi 1023, kisha hifadhi 2048 kabla ya kutuma ya 1024. Nodi ikizimika, inaanzia namba iliyohifadhiwa, na papo hapo inahifadhi inayofuata. Ukituma kila dakika kumi, unaandika mara moja kwa wiki. Nacho kituo kikumbuke kaunta ya mwisho ya kila nodi, na chochote kisichoizidi kikitupe.

Halafu huo ufunguo mmoja wa nodi zote thelathini, uondoe. Nodi iko shambani. Mwenye bisibisi na kebo ya kuprogramu anaondoka na shamba zima. Kila nodi iwe na wake, na mlango wa kuprogramu ufungwe kabla haijatoka mezani.