Nikiwa sheli niloki gari au niache? Majibu ya maswali yenu

Wiki hii nimechukua maswali ya sheli tu. Yamekuja mengi, na ukisoma unaona kabisa watu sheli tumeizoea kupita kiasi, tunaingia pale kama tunaingia dukani kununua mkate.

Nimenunua gari mwezi uliopita, ndo naanza kuendesha. Nikifika sheli niloki milango au niache wazi? Jamaa yangu wa kazini anasema ukiloki halafu moto ukatokea ndo basi tena. (Msomaji, Mbezi)

Kaka, loki. Jamaa yako anachanganya gari yenye mtu ndani na gari tupu. Kama uko peke yako, zima, shuka, funguo mkononi, piga loki, kaa karibu na pampu uangalie mita. Gari tupu iliyolokiwa haimuunguzi mtu yeyote, na moto ukitokea kazi yako ni kukimbia, sio kurudi kuvuta begi kwenye siti.

Kama kuna watu ndani hapo ndo mambo yanabadilika. Usiwaloki kwa rimoti we ukiwa nje. Waambie wabonyeze loki wenyewe kutokea ndani, ili mtu akitaka kutoka avute kitasa atoke. Kuna gari, hasa baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza, ukiziloki kwa rimoti mpaka kitasa cha ndani kinakufa, mtu anavuta anavuta hakuna kitu. Halafu kuna loki ya watoto kwenye milango ya nyuma, ile swichi ndogo iliyopo pembeni ya mlango unapoufungua, wengi mmenunua gari mkononi mwa mtu na hamjawahi hata kuiangalia kama iko on au off. Ikiwa on, aliyekaa nyuma hatoki bila kufunguliwa na mtu wa nje, hata kama mlango haujalokiwa. Leo ukifika nyumbani kaa siti ya nyuma, funga mlango, jaribu kutoka.

Na kwa nini nang'ang'ania kuloki? Kwa sababu mwizi wa sheli haji upande uliosimama wewe, anakuja ule wa pili. Nilishaona kwa macho yangu sheli moja maeneo ya Mwenge, saa kumi na mbili jioni, foleni mpaka barabarani. Dereva kashuka vizuri, kasimama upande wa tenki, anaangalia mita kama inavyotakiwa. Akaja kijana anamwambia bosi tairi lako la nyuma lina msumari. Jamaa kainama, kijana naye kainama, wanapapasa tairi wote wawili. Upande wa pili mwenzake kafungua mlango wa mbele, kachukua begi lililokuwa chini pale pa kuwekea miguu, kausukuma mlango polepole bila kuubamiza, kaenda zake kwenye pikipiki iliyokuwa inangoja kwenye njia ya kutokea. Haikufika nusu dakika. Jamaa hakujua chochote, kalipa, kaingia kwenye gari, ndo akaona taa ya mlango inawaka kwenye dashibodi na taa ya ndani haijazima maana mlango haukufunga vizuri. Ndani ya begi kulikuwa na laptop na pasipoti, msumari kwenye tairi haukuwepo.

Sasa kamuulize wakala wako wa bima. Hata wenye bima kubwa, mara nyingi inalinda gari, laptop iliyokuwa kwenye siti inabaki kuwa msiba wako.

Rimoti ya gari haiwezi kulipua petroli? Naogopa kubonyeza pale kwenye pampu. (Msomaji, Tabata)

Bonyeza kabla mdomo wa pampu haujaingia kwenye tenki, na kama bado unaogopa tumia funguo ya kawaida kwenye kitasa. Ila hofu yako ihamishie kwenye injini inayounguruma hapo hapo, nakuja huko sasa hivi.

Nina watoto wawili wadogo, Dar joto, naomba nielewe, ni lazima kuzima gari kwa dakika tatu tu? Mbona wengi hawazimi. (Mama, Kigamboni)

Ni lazima mama yangu. Na hili la "wengi hawazimi" nimelijibu mara ngapi? Kibao kipo kwenye kila sheli, zima injini, usivute sigara, usitumie simu, kimeandikwa kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, halafu mtu anasimama chini yake gari inaunguruma na simu iko sikioni.

Petroli yenyewe kama maji maji siyo inayoshika moto, kinachoshika ni mvuke wake, na huo inautoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Kigamboni mwezi wa pili. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukapotea, unashuka na kutambaa chini, pale pale egzosti ya gari yako ilipo na ya gari iliyo nyuma yako. Huuoni, saa ingine hata harufu umeshaizoea. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu Morogoro lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea na madumu wakijua wanachota mafuta ya bure, na walikuwa wamesimama ndani ya mvuke. Ukawaka moto, walikufa zaidi ya 100. Najua pale yalikuwa mafuta ya lori zima na kwako ni ya elfu thelathini, lakini petroli ni ile ile.

Ila kwako wewe mwenye watoto kuna jingine linaloniumiza zaidi. Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni, mbele yangu dada kashuka kaacha gari inaunguruma kwa ajili ya AC, funguo kwenye swichi, mtoto wa kama miaka mitatu yuko nyuma kajifungua mkanda mwenyewe. Dada anaongea na mhudumu, mtoto kapita katikati ya siti kaja mbele kwa dereva, kaanza kubonyeza vitu, kabonyeza loki. Milango yote minne, ta! Mama nje, funguo ndani, injini inawaka, mdomo wa pampu uko kwenye tenki. Mhudumu akaukata pampu haraka, huyo namsifu mpaka kesho. Watu wakajaa, huyu anasema vunja kioo, yule anasema tafuta waya, mtoto akaona sura nyingi kwenye vioo akaanza kulia, na akilia anapiga piga usukani na kushika gia. Mama yake akapiga magoti chini kwenye lami, sura sawa na kioo, akaanza kumwimbia huku machozi yanamtoka, kumwonyesha kidole, bonyeza hapa mama, hapa, hapa tena. Ilichukua kama dakika kumi. Alipobonyeza sahihi mlango ukafunguka, na yule dada hakusimama, alikaa pale pale chini kambeba mwanae.

Funguo ingekuwa mkononi mwake hayo yote yasingetokea. Injini ingekuwa imezima, mtoto angebonyeza loki na mama angeifungua kwa rimoti, na hakuna kijana wa kuruka kwenye usukani akaondoka na gari na mtoto. Ndo maana nawaambia kila siku funguo isibaki kwenye swichi, hata dakika moja. Kwa gari za kubonyeza bila funguo ni hivyo hivyo, ile rimoti ukiiacha kwenye pochi ndani ya gari ni sawa na umeiacha kwenye swichi.

Kuhusu joto, shusha vioo robo, dakika tatu mtoto anavumilia. Lakini usitumie hiyo "dakika tatu" kuingia kwenye duka la sheli kununua maji na kupanga foleni ya ATM, gari iliyosimama juani na vioo vimefungwa inapanda joto haraka sana na mtoto mdogo anazidiwa kabla yako. Ukienda kulipa ndani, nenda nao.

Nikiloki gari kifuniko cha tenki hakifunguki, je imeharibika? (Msomaji, Arusha)

Haijaharibika. Gari nyingi za Ulaya kifuniko cha tenki kinajiloki pamoja na milango, kwa hiyo fungua kifuniko kwanza ndo uloki. Hizi za Japani nyingi zina kale kamkono ka kuvuta chini pembeni ya siti ya dereva, vuta ndo ushuke. Na we mwenye gari ya mlango wa kuslaidi uliyeandika wiki iliyopita kwamba mlango umegoma ukiwa sheli, baadhi ya hizo zimetengenezwa makusudi, kifuniko cha tenki kikiwa wazi mlango wa upande huo haufunguki ili usigonge pampu. Ndo uwaambie abiria mapema watokee upande gani.

Sisi wa bodaboda hatuna milango ya kuloki, unatushauri nini? (Msomaji, Mbagala)

Zima, chomoa funguo, shuka, na abiria ashuke asogee pembeni. Tenki lako liko juu ya injini ya moto, mafuta yakimwagika yanadondokea kwenye egzosti, na bado nawaona mnajaza huku mmekaa na mtoto kapakatwa mbele juu ya tenki. Mtoto juu ya tenki! Mhudumu anayekubali kumwaga petroli sentimita chache kutoka kwenye mapaja ya mtoto na yeye ana makosa.

Nipo Minnesota. Huku tunajijazia wenyewe, baridi kali, naweka pampu inajishikilia halafu narudi ndani ya gari nipate joto. Kuna shida? (Msomaji, Marekani)

Ipo, kubwa. Ukikaa na kunyanyuka kwenye siti ukiwa na jaketi nzito kwenye hewa kavu, mwili unabeba umeme wa msuguano, ule unaokupiga ukishika kitasa. Ukishuka ukashika mdomo wa pampu moja kwa moja, cheche inaruka pale pale mvuke unapotokea, na huko kwenu moto wa namna hiyo umeshatokea mara nyingi. Baki nje mpaka imalize. Ukilazimika kuingia, ukitoka gusa kwanza bodi la gari kwa mkono mtupu, mbali na tenki. Na moto ukiwaka usiuchomoe mdomo wa pampu, utaumwaga moto chini, rudi nyuma, piga kelele wazime pampu. Huku nyumbani namba ya Zimamoto ni 114, iwekeni kwenye simu. Na ndiyo, huko nako loki, wizi wa mlango wa pili upo sana.

Ni kweli ukijaza asubuhi unapata mafuta mengi? (wasomaji wengi)

Hapana. Matenki yako chini ya ardhi, joto lake halibadiliki kihivyo kati ya asubuhi na mchana. Msiniulize tena hili, ulizeni kama pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo na kama risiti mmepewa.

Mhudumu aliniwekea petroli kwenye gari ya dizeli, nilikuwa ndani nachat. Gari imezimika Kibaha. (Msomaji, Pwani)

Pole. Ungeshuka ungeona anashika pampu ipi. Mdomo wa petroli ni mwembamba unaingia kwenye tenki la dizeli bila shida, kwa hiyo nyie wa dizeli ndo wa kushuka kuliko wote. Wengine mkigundua mkiwa bado sheli msiwashe, hata swichi msiguse, sukumeni gari pembeni tenki likamuliwe. Ukishawasha umeshayavuta mpaka kwenye pampu na nozeli za injini, na bili yake unaijua sasa hivi.

Naendesha Canter, mfuniko wa tenki una funguo na ni ile ile ya kuwashia. Mhudumu ananiomba funguo kila siku nikiwa nimekaa juu. Nimpe? (Msomaji, Makambako)

Usimpe. Shuka, fungua mwenyewe, mfuniko mpe aushike, funguo rudisha mfukoni.