Kasuku Wangu Alinenepa, na Kumshindisha Njaa Nusura Kumuue

Nilishtushwa na pumzi zake kabla sijauona unene wake. Johari, kasuku wangu wa kijivu, aliruka kutoka juu ya tundu hadi kwenye kiti kilichokuwa hatua nne tu kutoka pale, akatua anatweta. Mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijisifu kwamba ndege wangu ana kifua kilichojaa. Siku hiyo nikampapasa nikiutafuta mfupa wa kidari, ule unaoshuka katikati ya kifua. Kwa ndege mwenye uzito mzuri ukipitisha kidole unaugusa, na nyama imejaa vizuri kushoto na kulia kwake. Kwa Johari nyama ilikuwa imeufunika mfupa na kuvimba pande zote mbili, katikati pakabaki mfereji.

Kwa daktari wa ndege mizani ilisoma gramu 580. Kasuku wengi wa aina yake huwa kati ya gramu 400 na 500 hivi. Daktari akanionyesha mdomo uliorefuka na kuanza kubanduka magamba, akasema hiyo mara nyingi ni dalili ya ini kuelemewa. Vipimo vya damu vikamuunga mkono: ini lilikuwa limeanza kujaa mafuta.

Chanzo kilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nikimjazia bakuli mchanganyiko wa mbegu asubuhi na jioni, naye anachagua alizeti na kuziacha nyingine. Kiini cha alizeti ni karibu nusu nzima mafuta, huku kalisi ikiwa kidogo na vitamini A karibu hakuna. Kasuku wa porini naye anakula mbegu, lakini anaruka kilomita nyingi kuzifuata. Wangu alikuwa anapiga hatua mbili.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Nilirudi nyumbani na mfuko wa peleti, yaani punje za chakula cha kasuku kilichochanganywa kiwandani, nikaziondoa mbegu zote usiku uleule. Nikajiambia akisikia njaa atakula tu. Siku ya kwanza alizitupa chini moja moja. Siku ya pili alikaa kimya, manyoya ameyatutumua, na chini ya tundu niliona vinyesi vichache, vidogo, vya kijani kilichokolea. Nilimpigia daktari, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipandisha sauti: "Mrudishie mbegu zake sasa hivi!" Ndege mnene akikosa chakula ghafla, mwili huanza kuyayeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini lilelile lililokwisha kuchoka. Kwa kasuku wadogo wenye gramu 30 au 40, siku moja au mbili bila kula zinatosha kuwaua.

Johari hakuwa mkaidi. Hakujua kwamba kile ni chakula. Kasuku hujifunza nini kinaliwa kwa kuwatazama wazazi na kundi lake, na aliyekuzwa kwa mbegu anaiona peleti kama wewe unavyoliona jiwe. Tangu nilipolielewa hilo niliacha kushindana naye.

Kitu cha kwanza nilichonunua ni mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja. Kila asubuhi, akishatoa kinyesi cha kwanza na kabla hajala, anapanda juu yake nami naandika. Bila daftari hili usianze kabisa, kwa sababu manyoya yanaficha kila kitu. Nilitaka apungue kama gramu 5 kwa wiki. Ndege akipoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake kwa siku chache, mrudishie chakula alichokizoea na umwone daktari. Angalia na bakuli pia: maganda matupu hukaa juu ukadhani mbegu zimejaa, kumbe ndege hana kitu. Yapulize kwanza.

Asubuhi ndipo njaa yake inapokuwa kali, kwa hiyo chakula kipya kilitangulia, na mbegu zikaja jioni kwa kipimo cha kijiko. Peleti nilizisaga nikazinyunyizia juu ya mbegu zilizoloweshwa kidogo, ili unga umwingie mdomoni anapomenya. Nyingine nilizilowesha kwa maji ya uvuguvugu, na baada ya saa mbili naondoa mabaki kwa sababu huchacha upesi. Lakini kilichofanya kazi kuliko vyote ni kula mbele yake. Nilikaa karibu na tundu nikitafuna karoti taratibu, naiguguna, naisifia, simpi. Siku ya kumi na moja alinyoosha shingo akaidai. Alichokipenda kwanza kilikuwa zile mbegu ndogo za ndani ya pilipili hoho, kisha hoho yenyewe, kisha boga. Mboga zenye rangi ya machungwa na majani ya kijani kilichokolea ndizo zinazompa mwili malighafi ya vitamini A, kile hasa kilichokosekana kwenye mbegu. Matunda nampa kidogo tu kwa sababu yana sukari. Parachichi, chokoleti, kahawa, pombe, kitunguu na vyakula vya chumvi havimkaribii hata kwa kuonja.

Kinyesi kitabadilika. Peleti hukigeuza rangi ya kahawia, mboga hukiongezea maji. Usiogope hilo, ogopa kikipungua.

Nyumbani ilibidi tukae kikao, kwani kila mtu alikuwa na kipande chake cha siri anachompa. Hapo nilikuwa mkali, na sijutii. Kipande cha biskuti kwa ndege wa nusu kilo si kitu kidogo.

Kuhusu mazoezi, sikumlazimisha kuruka mwanzoni. Nilimpandisha ngazi ya kamba, nikamfungia chakula ndani ya karatasi ili apasue kwanza ndipo ale. Aliporudiwa na pumzi ndipo tukaongeza umbali, mkono wangu hadi kiti, kiti hadi dirishani.

Ilichukua miezi mitano. Kuna wiki tatu nzima ambazo mizani haikusogea, na nilikaribia kukata kijiko cha jioni chote kwa hasira. Daktari alinizuia, na katika wiki ya nne uzito ukaanza kushuka tena. Leo ana gramu 488. Alizeti hakunyimwa: anapata sita kwa siku, moja moja, na kila moja naiweka upande wa pili wa chumba. Anairukia, anaimenya, kisha anarudi mkononi mwangu mdomo umefungwa.