Chukua PF3, fomu ya polisi ya majeraha, leo, kikao cha mwenyekiti kitasubiri

Dada, usiende kwenye kikao cha Jumapili kabla mtoto hajapimwa. Umeandika kwamba mwalimu amemchapa mwanao bakora mgongoni hadi shati likaingia damu, kwamba mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anataka mpatane, nawe unauliza kama adhabu hiyo ilipita kiasi.

Kwa shule, hoja ya kiasi haipo. Mabadiliko ya Sheria ya Watoto ya Uganda ya mwaka 2016, kifungu cha 106A, yanamkataza mwenye mamlaka yeyote shuleni kumpa mtoto adhabu ya viboko ya namna yoyote, na anayetiwa hatiani anaweza kufungwa hadi miaka 3. Nyumbani ndiko watu bado wanabishana juu ya kiasi, maana mzazi hakutajwa waziwazi namna hiyo, ingawa akimjeruhi mtoto naye anaweza kushtakiwa.

Binti yangu naye alipochapwa shuleni, mwenyekiti wa kijiji chetu, mtu mzima tuliyemheshimu, alinihakikishia kwamba mwalimu ana haki ya kumrudi mtoto mradi asivunje mfupa. Maneno hayo hayamo katika sheria yoyote ya Uganda, na hadi leo yananichoma, kwa sababu aliyatamka kwa uhakika wa hakimu huku akijua kwamba sisi hatuna wakili wa kumuuliza. Kikao kiliahirishwa mara kwa mara, mwalimu akatuma fedha za dawa, nami nikazipokea nikidhani ni mwanzo wa haki. Siku nilipochoka na kwenda polisi, michirizi iliyokuwa imevimba chini ya mabega ya binti yangu, myekundu na yenye kingo mbili kama njia ya gari, ilikuwa imefifia ikawa manjano hafifu. Daktari aliandika alichokiona, na alichokiona kilikuwa kidogo mno. Upande wa shule ukasema mtoto alianguka, na fedha zile zikatajwa kuwa ushahidi kwamba tulikwisha kupatana. Faili liliishia hapo.

Kwa hiyo nenda leo kwenye kitengo cha polisi cha ulinzi wa watoto na familia, uombe PF3, umpeleke mtoto hospitali ijazwe na daktari, na ubaki na nakala yake. Mpige picha mgongoni kwenye mwanga wa mchana. Wakikuzungusha kituoni, piga 116, simu ya Sauti ya msaada kwa watoto, ambayo haitozi hela. Usipokee chochote kutoka kwa mwalimu, na shati lile usilifue.