Kiwanda kikikulipa, nani anaongea kwenye filamu?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 24, napiga video za harusi, sendofu na vipaimara hapa Mafinga. Kiwanda kimoja cha mbao kinataka nikitengenezee filamu ya dakika kumi kuhusu kazi zao. Fundi aliyenifundisha kamera anasema hilo ni tangazo tu, mtu mwenye kipaji hafanyi. Rafiki yangu kanitajia Mwingereza mmoja, Edgar Anstey, kwamba aliishi kwa filamu za namna hiyo. Alikuwa nani? Na mtu anayelipwa na kampuni anaweza kweli kusema ukweli?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kazi hiyo ichukue, halafu nisikilize.

Anstey alizaliwa Watford, jirani na London, mwaka 1907. Alianza kazi akiwa kijana chini ya John Grierson, Mskoti aliyekuwa na kitengo cha filamu katika bodi ya serikali iliyowahimiza Waingereza wanunue bidhaa za makoloni yao, chai ikiwemo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa akilipwa na mtu mwenye kitu cha kuuza.

Mwaka 1935 yeye na mwenzake Arthur Elton walitengeneza filamu fupi iitwayo Housing Problems. Hela ilitoka kwa wenye biashara ya gesi. Hesabu yao ilikuwa rahisi: vibanda vibovu vya London vikibomolewa na nyumba mpya zikijengwa, majiko ya gesi yatanunuliwa. Anstey na Elton wakaingiza kamera, taa na maiki ndani ya vyumba vyenyewe, wakawaacha wenye nyumba waongee. Mama anasimama kwenye chumba chake na kueleza habari za panya. Mwingine anaonyesha ukuta ulivyo. Wakati ule maskini alizoea kuonyeshwa tu, mtu mwingine akimsemea. Gesi ilipata tangazo lake, na yule mama alisikika kwa sauti yake mwenyewe. Mwaka uliofuata Anstey akachukua tena hela ya gesi, akatengeneza filamu kuhusu watu wasiokula chakula cha kutosha.

Miaka yake mirefu zaidi ilikuwa ya reli. Kuanzia 1949 hadi 1974 aliongoza British Transport Films, kitengo cha filamu cha shirika la umma la usafiri. Hapo aliwapa nafasi vijana. John Schlesinger alitengeneza Terminus mwaka 1961, siku moja tu katika stesheni ya Waterloo, na baadaye akawa mwongozaji mkubwa wa sinema. Geoffrey Jones akatengeneza Snow mwaka 1963: dakika chache za wafanyakazi wa reli wakichota theluji kwa sepetu ili treni zipite, na abiria wamekaa ndani kwenye joto. Mimi nikiitazama hiyo nawaona gengi la reli yetu ya TAZARA kule kati ya Makambako na Mlimba, tope la masika limeshuka juu ya njia na abiria wanachungulia dirishani. Filamu ya kitengo hicho kuhusu ndege wa majini, Wild Wings, ilimpatia Anstey tuzo ya Oscar mwaka 1967. Alifariki mwaka 1987.

Sasa nikueleze langu. Mwaka 2009 kiwanda kimoja cha chai huku Rungwe kiliniita nikitengenezee filamu. Nilikaa shambani siku tatu. Kulikuwa na mama mmoja anachuma kwa mikono miwili, majani mawili na chipukizi, viganja vikijaa anatupia nyuma ya bega ndani ya tenga bila kugeuka. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi kwa utomvu. Nilimuuliza kinachomchosha ni nini. Akasema, “Mvua nimeizoea. Kinachoniumiza ni mizani.” Meneja alipoona kipande hicho akasema kitoke. Nikakitoa. Ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa, na kwenye makubaliano yetu sikuwa nimeandika neno lolote kuhusu nani ana kauli ya mwisho. Walichobaki nacho ni mashine zinazozunguka na meneja mwenye tai, na sijawahi kusikia mtu akiizungumzia filamu ile. Mkanda wa yule mama ninao mpaka leo, na bado unaniuma.

Kwa hiyo andika kabla hujawasha kamera. Andika kwamba wafanyakazi wataongea wenyewe, kwamba utapewa siku mbili bila msimamizi kukusimama mgongoni, na kwamba kipande kikitakiwa kutolewa mtakaa mjadiliane. Wakikataa yote matatu, rudi kwenye harusi zako bila kinyongo.

Wakikubali, anza msituni alfajiri, gogo linapoangushwa, kabla hujaenda kiwandani. Msumeno una kelele za kumeza kila neno, kwa hiyo mhoji fundi wakati wa chai, maranda yakiwa bado kwenye nyusi zake. Muulize amejifunzia wapi, amewahi kuumia wapi, na mbao anazopasua zinakwenda kujenga nini. Mwenye kiwanda naye mpe nafasi yake, maana ndiye aliyekuita na ana jambo la kusema.

Ukishaunganisha vipande, usikabidhi kwanza. Panda basi uje na filamu yako Mbeya tuitazame pamoja, na mimi nitautoa ule mkanda wangu.